Vibao Viwili, Mashine Tatu

Bwenini, Iringa
25 Aprili 1976

Kaka Seni,

Leo sianzi na "natumaini u mzima wa afya". Natumaini umekasirika, kwa sababu mimi nimekasirika tangu jana na nimechoka kukasirika peke yangu.

Damari amerudi kutoka Pasaka. Unamkumbuka, rafiki yangu wa Uyole, binti wa Ndugu Sedekia, katibu wa umoja wa mashine. Baba yake alimpakia kwenye Landrova alipokuwa anazungukia vijiji vyetu vitatu. Basi tumekaa tunafua, akaniambia kwa upole tu, akidhani najua: "Nilimkuta mama yako anatwanga mpunga. Wanawake wote wa Ihanjilo wanatwanga. Nyumba ya mashine ina kufuli."

Nikacheka. Nikamwambia umemfananisha, sisi tuna mashine ya kukoboa, na mwendeshaji wake ni kaka yangu. Akasema, "Mbuke, mama yako alinipa maziwa ya mgando kwa mkono wake. Nitamfananishaje?" Halafu akaongeza: "Na juu ya mlango hakuna kibao. Kibao chenu nilikiona kinaning'inia Lukuga."

Kaka, nilisimama mbele ya wazee Desemba, mimi ambaye hata darasani nikiitwa jina nasikia masikio yanawaka moto. Mlinisimamisha kwa sababu karatasi za kibali zilikuja kwa Kiingereza pamoja na mashine. Nikawasomea. Kwamba tumepewa kibali kimoja, vijiji vitatu: Ihanjilo, Mbugani na Lukuga. Kwamba mashine ziko tatu lakini ruhusa na dizeli ni za mashine mbili tu kuunguruma kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tukapewa vibao viwili vya chuma vyenye mhuri. Kibao kikining'inia juu ya mlango, mashine ya hapo inawaka. Hakipo, hata ukiwa na dizeli ya kuogea, huwashi. Kijiji kisicho na mpunga wiki hiyo kinamwazima mwenzake.

Na nikawasomea kifungu cha mwisho. Kwamba tarehe 31 Mei katibu atapita, na mahali atakapokuta kibao, hapo ndipo nguvu ya mashine, yaani ile ruhusa na dizeli, itakapoandikwa kwa miaka mitatu. Haijalishi nani alimwazima nani. Mkacheka. Wewe ndiye ulisema, "Kanasoma kama kuku anadonoa chenga," na wazee wakacheka mpaka nikakaa chini.

Sasa ni mavuno. Kibao chetu kinafanya nini Lukuga? Nijibu. Usinijibu kwa utani.

Mdogo wako,
Mbuke

*

Ihanjilo
3 Mei 1976

Kwa Profesa Mbuke,

Pokea salamu nyingi kama mchele wa Usangu. Huku sote hatujambo isipokuwa masikio yetu yanauma kwa kelele za barua yako.

Mdogo wangu, hasira hizo wanawafundisha kidato cha pili au ni za kwenu bwenini? Sikiliza. Mkanda wa injini umekatika. Nimeagiza mwingine Mbeya mjini, haujafika. Mashine isiyo na mkanda haihitaji kibao, sawasawa na mtu asiye na baiskeli asivyohitaji pampu. Lukuga mpunga wao umeiva mapema, wakaomba, nikawaazima. Ndiyo maana ya umoja. Mkanda ukija, nakwenda Lukuga asubuhi, narudi na kibao mchana. Hiyo tarehe 31 ni mambo ya karatasi tu. Ndugu Sedekia ni mtu wetu, tunakunywa naye chai.

Tangu baba afariki, nani anayeangalia nyumba hii? Mimi. Nikisema jambo liko sawa, liko sawa. Wewe shika kalamu, mimi nimeshika spana.

Mama anasema hajambo kabisa, kutwanga ni mazoezi ya mwili na kunamkumbusha ujana wake. Anasema usome kwa bidii, usisikilize maneno ya marafiki, umtii kaka yako. Anakusalimu sana.

Ni mimi kaka yako,
Seni Selestini

*

Bwenini, Iringa
9 Mei 1976

Mama,

Najua barua hii atakusomea Kaka, kwa hiyo naandika kwa wote wawili. Kaka, soma yote, usiruke.

Mama, tangu nije shule hii hujawahi kunitumia salamu bila kuanza na ng'ombe. Mabala amezaa. Kidosho ana kupe sikioni. Shilingi ameingia tena shamba la Mama Joachim. Hata baba alipofariki, ile barua ilianza na Mabala, ndipo ikafika kwa baba, na mimi nikalia tangu kwenye Mabala kwa sababu nilijua sauti ni yako.

Juzi nimepata salamu zako. Hakuna hata mkia wa ng'ombe. Kuna "mazoezi ya mwili". Mama, wewe hujui hata kusema maneno hayo.

Kaka, hayo si maneno ya Mama. Ni yako. Umemvalisha Mama mdomo wako ukanitumia.

Mama, kama kuna mtu mwingine huko anayeweza kushika kalamu, mwambie akuandikie.

Mwanao,
Mbuke

*

Zahanati, Ubaruku
14 Mei 1976

Mbuke mwanangu,

Anayeandika ni mimi Tusajigwe, mama yake Andendekisye, mhudumu wa hapa zahanati. Mama yako anasema, mimi naandika. Ameniambia nisipambe.

Anasema: Mabala ana mimba. Kidosho amepona kupe. Shilingi tumemfunga kengele, sasa anaingia shamba la Mama Joachim kwa muziki.

Anasema: Barua yako niliiona kwa macho, Seni akaikunja akasema ni salamu tu. Lakini niliona jinsi alivyomeza mate. Mimi sijui kusoma karatasi, mtoto wangu namsoma.

Anasema: Niko hapa kwa sababu ya mkono wa kulia. Tulikuwa tunatwanga wawili kinu kimoja, mimi na Mama Joachim, mchi wako mchi wangu. Tangu alfajiri tulikuwa hapo, maana familia zote zinataka mchele na mashine imekufa mkanda. Mama Joachim alichoka, akapoteza mwendo. Mchi wake ukanipata kwenye kifundo cha mkono. Analia mpaka leo, nimemwambia anyamaze, si yeye, ni uchovu. Mzee mmoja alinifunga kwa vijiti. Ulivimba, ndiyo nikaja huku.

Anasema: Usilie. Kuna habari njema. Seni amepata mchumba, Roza, binti wa Mzee Nkuba wa Lukuga. Na yule Nkuba, unamjua, ni mkavu hata akikupa maji anaangalia kikombe. Amepunguza ng'ombe wa mahari! Anasema anampenda kijana. Nilishangaa. Nikasema basi kuna Mungu hata Lukuga.

Anasema: Soma. Ukija likizo nitakukoroga uji kwa mkono wa kushoto.

Hayo ndiyo ya mama yako. Haya yangu mimi Tusajigwe, hajui kama nayaandika: mfupa umeungana vibaya. Vidole havifungi. Daktari wa Mbeya aliyepita hapa alisema hautakuwa mkono wa kushika mchi tena, wala mwiko. Yeye anadhani ni wa kungoja. Sijaweza kumwambia.

T.

*

Bwenini, Iringa
18 Mei 1976

Seni,

Sikuiti kaka leo.

Nimesoma barua ya Mama chooni, kwa sababu hapo tu ndipo mtu anapoweza kuwa peke yake shule hii. Nimesoma mahali alipofurahi kwamba Nkuba amepunguza ng'ombe. Nikasoma tena. Mama anamshukuru Mungu, mimi nikahisi nimepigwa kofi.

Hakuna mkanda uliokatika, sivyo? Nkuba hapunguzi ng'ombe kwa sababu anampenda mtu. Nkuba amepunguza ng'ombe kwa sababu umempa kibao. Kijiji chake ni cha mwisho kujiunga, mashine anayo, kibao hana. Ikifika tarehe 31 kinaning'inia kwake, ni chake miaka mitatu. Watu wa Ihanjilo watabeba mpunga wao kichwani mpaka Lukuga na kupanga mstari nyuma ya watu wake, au watatwanga. Umelipa mahari kwa kitu ambacho si chako. Ni cha Mama Joachim, ni cha wajane, ni cha kila mtu aliyechimba msingi wa nyumba ile ya mashine.

Na umemwacha mama yako mwenyewe atwange. Ulikuwa unamwona. Asubuhi ulikuwa unaondoka na spana mfukoni kwenda wapi? Kulinda kufuli?

Unajua kwamba vidole vyake havifungi? Hujui, kwa sababu hujauliza. Mimi niko Iringa nimejua kabla yako.

Na huyo Roza mwambie ajiangalie vizuri kwenye kioo siku ya harusi. Ni bibi arusi wa chuma, aliyelipiwa kwa mkono wa mama wa mtu. Mkono wa kulia.

Nakwambia haya kwa karatasi kwa sababu najua nikikuona uso kwa uso nitainamisha kichwa na kusema "shikamoo kaka", kama siku zote. Najichukia kwa hilo. Lakini karatasi haina shingo ya kuinamisha.

Rudisha kibao.

Mbuke

*

Bwenini, Iringa
18 Mei 1976

Kwa Ndugu Katibu,
Umoja wa Mashine za Kukoboa

Shikamoo Baba Damari.

Samahani kwa kukuandikia, mimi ni mtoto na hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Damari ameniambia niandike, akaniazima bahasha.

Kibao cha Ihanjilo kiko Lukuga. Kaka yangu Seni, mwendeshaji, alikipeleka bila kuwaambia wanakijiji. Amewaambia mkanda umekatika. Naomba kabla ya tarehe 31 ukiagize kirudi, kwa sababu hakikuazimwa na kijiji, kiliazimwa na mtu mmoja kwa faida yake ya ndoa.

Na naomba kusema jambo jingine, uniwie radhi. Ulipita na Landrova wakati wa Pasaka. Damari alikiona kibao Lukuga. Kama Damari alikiona, na wewe ulikiona.

Wako mtiifu,
Mbuke Selestini

*

Uyole
22 Mei 1976

Kwa Mbuke Selestini,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na ukweli ni kwamba niliiweka mezani siku nzima kabla ya kuijibu.

Damari aliniambia wewe ni mtoto ambaye ukiulizwa jibu unalijua lakini hulitoi. Naona kwenye karatasi unalitoa na meno yake.

Ndiyo, nilikiona. Umoja wetu umewekwa hivi: vijiji vinaazimana kibao vyenyewe, katibu haingilii. Nikianza kuuliza kila kibao kimefikaje kilipo, mashine zote zitalala nami nitakuwa hakimu wa ndoa za Usangu nzima. Mwendeshaji wenu ndiye aliyesajiliwa kukishika, kwa hiyo kwangu mkono wake ni mkono wa kijiji. Pengine kanuni ni mbaya. Sikuitunga mimi, lakini nimeitumia, na nikiwa na haraka ya safari iliniridhisha. Hilo unaweza kunilaumu.

Siku ya ukaguzi sitasikiliza hadithi. Kibao nikikikuta Lukuga, nguvu inaandikwa Lukuga. Nikikikuta Ihanjilo, inaandikwa Ihanjilo. Nikikikuta njiani kichwani mwa mtu, haiandikwi popote, na kibao kinarudi wilayani.

Siwezi kukuambia la kufanya. Ila ratiba yangu si siri: Mbugani asubuhi, Lukuga adhuhuri, Ihanjilo alasiri. Na hakuna kifungu kinachosema ni nani hasa anayeruhusiwa kukishusha kibao kutoka ukutani. Nimekitafuta, hakipo.

Sedekia

*

Ihanjilo
30 Mei 1976

Mbuke,

Umefurahi?

Najua barua ya Ndugu Sedekia uliinakili ukamtumia yule mama wa zahanati. Najua yeye aliwasomea wanawake wote kisimani, pamoja na nakala ya yale uliyoniandikia mimi. Mambo ya nyumba yetu yamesomwa kisimani kati ya ndoo!

Ngoja nikueleze ulichofanya, maana wewe umekaa kwenye dawati.

Jana Jumamosi wazee wetu walikuwa kwa Mzee Nkuba kumaliza maneno ya mahari. Viti vimepangwa uani, mkabala na nyumba ya mashine, pombe imekaa katikati, mimi nimevaa shati jeupe la baba. Mzee Nkuba anacheka, kitu ambacho hajakifanya tangu azaliwe. Mara tunaona njia ya Ihanjilo ina vumbi. Wanawake. Wote. Wengine vinu kichwani, wengine michi begani, wengine magunia ya mpunga. Hawakusalimia. Waliingia uani, wakashusha vinu kati ya viti vya wazee na chungu cha pombe, wakamimina mpunga, wakaanza kutwanga.

Mzee Nkuba akasimama. "Nyie akina mama mna kichaa?"

Mama Joachim hakuinua hata kichwa. "Tunakoboa, baba. Si mashine yetu iko hapa? Tumeifuata."

"Kwa nini msiende kwenye mashine basi?"

"Tumezoea vinu, baba. Kijana wako ametuzoesha."

Makapi yakaruka, yakaingia kwenye pombe, yakaingia kwenye ndevu za wazee. Mzee mmoja wa upande wetu akataka kucheka, akajifanya anakohoa. Na Mama, mama yetu mwenyewe, alikaa katikati kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa kanga. Hawezi kutwanga. Basi alikuwa anawapigia mwendo kwa mdomo. Unajua alikuwa anasema nini? Alikuwa anataja ng'ombe. Kila mchi ukishuka, ng'ombe mmoja. Mabala! Tu. Kidosho! Tu. Shilingi! Tu. Kisha akanitazama mimi akasema: "Hawa ndio ningewatoa wote, Seni, ungeniomba. Kwa nini ulitoa mkono wangu?"

Mbele ya wakwe.

Nikatazama miguu yangu. Nilipoinua macho kibao hakikuwa ukutani. Aliyekishusha sikumwona. Sasa hivi kiko juu ya mlango hapa Ihanjilo, wanawake wanakilinda kwa zamu kama askari. Kufuli wamelivunja. Mkanda, ndiyo, ni mzima, wameuona, wameniita mwongo kwa sauti ambazo hata Mbugani wamezisikia.

Mzee Nkuba amesema posa imekufa. Nina umri wa kuwa na watoto, Mbuke. Tangu baba afe nimelisha nyumba hii, nimekusomesha, sijajifanyia jambo hata moja. Moja tu nilitaka. Nilidhani mtu anaweza kuazima kitu kwa muda na kukirudisha taratibu bila mtu kuumia. Ule mchi sikuushika mimi.

Likizo usije kwangu. Nauli sitatuma.

Seni

*

Lukuga
2 Juni 1976

Mbuke,

Hunijui. Mimi ni Roza, "bibi arusi wa chuma".

Ndiyo, nimeisoma. Kabla ya ile siku ya mahari Seni alinipa barua yako nishike kwa mikono yangu ili nikuchukie. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nilijisomea mwenyewe, sikusomewa. Nikakuchukia vizuri kabisa mpaka ukurasa wa pili. Hapo nikaanza kuwachukia wengine.

Unajua mimi niliambiwa nini? Baba aliniita akasema, "Nimepunguza ng'ombe kwa sababu kijana ni mchapakazi." Nikatembea wiki nzima nimeinua shingo. Nikawaambia wenzangu mtoni, mwenzenu nimependwa mpaka ng'ombe wamepungua. Kumbe wale ng'ombe waliopungua walining'inia juu ya mlango wa mashine, vumbi la pumba linawaangukia, na mimi napita chini yao kila siku na ungo. Hakuna aliyeniuliza. Baba hakuniuliza, Seni hakuniuliza, na wewe pia hukuniuliza, uliandika tu.

Aliyekishusha kibao ni mimi. Wanaume wote walikuwa wanawatazama mama zako wakitwanga. Nikachukua kigoda cha baba mwenyewe, nikapanda, nikakitoa kwenye msumari, nikakifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Nikapita nyuma ya zizi. Nilitembea nacho mpaka Ihanjilo nimeinama mbele kama mama mzazi. Mzee mmoja njiani akaniuliza, "Mtoto wa nani huyo?" Nikamwambia, "Hatujajua, baba. Tutajua tarehe 31."

Nikakitundika mwenyewe. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

Juzi katibu alipita. Kwetu aliukuta msumari. Baba akaanza kueleza, akaeleza, akaeleza, yule mzee akasema tu "Sioni kibao" akapanda Landrova. Kwenu alikiona, akaandika. Sasa baba hasemi nami. Nakaa kwa shangazi.

Na watu wa kwetu Lukuga nao wana mpunga, Mbuke. Hilo hukuliandika popote. Mama yangu naye ana mikono. Sasa sisi ndio tutwange, au tubebe mpunga mpaka Mbugani, au nyie mtuazime, na wanawake wa Ihanjilo wamesema watatuazima zamu kwenye mashine yao, lakini mbele ya watu wote, kwa sauti, na kibao kitalala kwao. Nimewaambia sawa. Hivyo ndivyo ilivyopasa tangu mwanzo.

Seni alikuja kwa shangazi. Anasema ataongeza ng'ombe. Sijamkubali, sijamkataa. Nimemwambia kwanza nataka nimwone akiandika barua ya mama yake, neno kwa neno, mimi nimekaa pembeni nasoma. Ameniuliza kwa nini. Nimemwambia mwanamume anayeweza kumbadilishia mama yake maneno, atanibadilishia na mimi.

Wewe nijibu au usinijibu.

Roza Nkuba

*

Bwenini, Iringa
7 Juni 1976

Roza,

Lile neno la chuma nalifuta. Mengine siyafuti.

Nimesoma mahali pa mama yako mara nyingi. Umesema kweli, sikumfikiria. Nilisoma kile kifungu mbele ya wazee, nikakijua kwa moyo, na bado nilikuwa nawaona Lukuga kama ukuta tu wa kutundikia kibao. Naona aibu, na ukikaa na mimi utajua aibu yangu si ya mchezo.

Lakini bado nina hasira. Damari ananiambia niiache sasa, kibao kimerudi. Nimemwambia mkono haujarudi. Watu wanafurahi kana kwamba vyote vilining'inia kwenye msumari mmoja.

Mama bado hajaambiwa kuhusu vidole vyake. Mama Andendekisye ameshindwa, hata kisimani aliruka mahali hapo. Sitaki aambiwe na daktari wa kupita. Nataka aliyemsemea "mazoezi ya mwili" ndiye amwambie. Mpe Seni ujumbe huo. Sijaweza kumwandikia mwenyewe, nikianza "Kaka" kalamu inasimama.

Mbuke

*

Ihanjilo
13 Juni 1976

Mbuke,

Naandika mimi Seni. Mama anasema, naandika. Roza amekaa hapa kushoto kwangu, anasoma kila neno likitoka, na amekwishanisahihisha mara moja kabla hata sijaanza.

Mama anasema: Mabala amezaa ndama jike, mweusi, paji jeupe. Kidosho hajambo. Shilingi ameuza kengele yake, hatujui kwa nani.

Anasema: Seni ameniambia habari ya vidole. Andika, Seni. Andika kwamba ulikuwa unalia wewe, mimi silii. Andika.

Nimeandika.

Anasema: Nilijua. Mkono ni wangu, mtu anawezaje kutokuujua mkono wake? Nilikuwa namngojea aseme yeye. Nimemngojea tangu siku ya mchi. Ukweli wa daktari ungenitosha, lakini nilitaka wa mwanangu.

Anasema: Andika kwamba Seni ni mjinga.

Anasema: Ameacha kuandika. Roza, mwambie aandike.

Seni ni mjinga.

Anasema: Andika kwamba alisema ule mchi hakuushika. Andika kwamba kila mchi ulioshuka Ihanjilo mavuno haya aliushika yeye, wote kwa pamoja, na kibao mfukoni. Andika kwamba nimekasirika na nitaendelea kukasirika mpaka nitakapoacha, na siku hiyo nitaichagua mimi, si padri, si wazee, si Roza. Chakula chake napika kwa kushoto, kikiwa na chumvi nyingi ale, asiulize.

Anasema: Na Mbuke naye nimemkasirikia kidogo. Mambo ya nyumba yalisomwa kisimani. Kidogo tu. Kisima kilikuwa kimejaa watu, na wote walinyamaza mtoto wangu akizungumza. Yule ambaye huku nyumbani ukimwuliza chumvi iko wapi anaonyesha kwa kidole. Nilitamani baba yake angelikuwa hai asikie.

Anasema: Kesho ni zamu ya Lukuga. Watakuja na mpunga wao. Nkuba pia lazima aje, mpunga wake haujikoboi. Nitakaa mlangoni.

Anasema: Nauli nimemwambia Seni apeleke, na nimemsindikiza mpaka kwa dereva nikaona kwa macho. Ukishuka kwenye basi usije kwangu kwanza. Pitia kwenye mashine. Angalia juu ya mlango kama kibao kipo. Kikiwepo, ndipo uje nyumbani, uingie bila kupiga hodi kama paka unavyoingia siku zote, useme shikamoo kwa sauti. Kwa sauti, nisikie. Halafu unishikie ungo, nipepete na mkono mmoja.

Amemaliza. Ameniambia niandike jina langu mwenyewe chini ili ijulikane ni nani aliyeyaandika yote haya.

Seni Selestini

Nimesoma. Ni maneno yake. Moja tu aliliruka, "mwongo", baada ya "mjinga". Nimelirudisha hapa. — Roza